Sauti ya Iddy Iliyoharakishwa

Mwamini binti Kibwana hakuwa mtu wa runinga. Banda la video la Fundi Abdulatifu lilikuwa nyuma tu ya genge lake la chakula, pale stendi ya Kibiti, na miaka yote aliyopika hapo alikuwa akisikia ngumi na risasi zikipenya kwenye mabati huku yeye akigeuza samaki kikaangoni. Mtu akimuuliza mle ndani wanaonyesha nini leo, alijibu, "Watu wanapigana," akaendelea na kazi yake.

Siku ambayo mambo yalibadilika ilikuwa sikukuu ya kitaifa, mwaka wa tisini na tisa, alasiri. Wali ulikuwa umekwisha, naye anasugua sufuria kwa majivu. Kule bandani jenereta lilikuwa linanguruma, na runinga ilikuwa imeshika stesheni ya Dar es Salaam kwa antena ya mlingoti mrefu wa mianzi aliyoifunga Abdulatifu. Chenga zilikuwa nyingi, sauti inakuja na kupotea. Ghafla, katikati ya zile chenga, mwanamume mmoja akaita:

"Kanyageni katikati! Katikatiii, jamani, pembeni ni kwa mamba!"

Sufuria ikamponyoka Mwamini. Akaingia bandani na mikono yake ya majivu, akawapita watu waliokaa kwenye mabenchi, akasimama mbele kabisa. Kiooni lilionekana pantoni la Ndundu, lile la kuvusha watu na magari mtoni, lori linashuka taratibu, wanawake wamejitwika vikapu, na mlangoni mwa pantoni amesimama mtu mwenye kofia ya ukindu, mkono mmoja juu. Hata hajakaa sawasawa kumtazama, picha ikabadilika, yakaja mashamba ya pamba na mtangazaji anayesoma habari za mazao.

"Dada Mwamini, unatuziba!" watu wakalalamika.

Hakuwasikia. Alikuwa amemwona mumewe.

Iddy alikuwa mtu wa milimani, Mmatumbi, aliyeteremka bondeni akiwa kijana kutafuta kazi, akapata kibarua cha kufunga kamba kwenye pantoni. Kwa kuwa alikuwa na sauti nzito iliyobeba mbali, wakamwachia yeye kazi ya kuwapanga abiria. Mwamini alikuwa binti wa kijiji cha Chumbi, ng'ambo ya kusini ya mto, na kila alipovuka kwenda kuuza mchele Ikwiriri aliisikia ile sauti kabla hajauona mto. Iddy aliyavuta maneno. "Katikati" yake ilianza hapa ikaishia huko, na abiria walimwiga wakicheka. Hata nyumbani, baada ya kuoana, alisema vile vile. Alikuwa anaweza kuanza kuomba chumvi na Mwamini akaipata chumvi, akaileta, akamkuta bado hajamaliza kuiomba.

Watu wa sinema walikuja mwaka wa themanini na sita, na Land Rover na mashine yao ya miguu mitatu. Walipiga picha mto, pamba, pantoni, wakaenda zao. Hakuna mtu wa Ndundu aliyeiona sinema ile. Miaka ikapita, biashara zikafunguliwa, watu wakaanza kuvaa mitumba na kuzungumza habari za utajiri. Mwaka wa tisini na nne habari zilikuwa Tunduru. Vito vinaokotwa mtoni, ikasemwa, mtu anaondoka na kandambili anarudi na gari. Iddy aliondoka na wenzake wa milimani akimwacha Mwamini na mtoto mchanga, Kudra, na ahadi kwamba mvua zikianza atakuwa amerudi. Mvua zikaanza. Wale wenzake wakarudi mmoja mmoja, wote mikono mitupu, kila mmoja akisema walitengana machimboni na Iddy. Mwamini akahamia Kibiti kwa wifi yake, Biasha, akafungua genge pale stendi kwa sababu moja aliyomwambia kila mtu, kwamba stendi ina wateja, na nyingine ambayo hakumwambia yeyote: kila basi linalotoka kusini husimama hapo.

Picha ya Iddy hakuwa nayo hata moja. Ndiyo maana jioni ile, Abdulatifu alipomwambia kwamba kila siku stesheni inaposhika vizuri yeye hurekodi, na kwamba kanda anayo, Mwamini alimsihi aitunze mpaka kesho.

Kesho yake mchana, kabla banda halijafunguliwa, alikwenda pamoja na Biasha. Abdulatifu akawawekea mabenchi mbele, akarudisha kanda nyuma. Pantoni likatokea. Lori likashuka. "Kanyageni katikati! Katikatiii, jamani, pembeni ni kwa mamba!"

Biasha akaanza kulia pale pale. "Kaka yangu jamani. Ndiye huyo. Ndiye."

Mwamini hakulia. Aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena.

"Siye," akasema.

"Wifi!"

"Mwili ni wake. Kile kipande cha kamba kiunoni ni chake, na kusimama kule ni kwake. Lakini sauti si yake. Huyu kama amebanwa koo, halafu ana haraka. Iddy alikuwa na haraka lini?"

Biasha akamtazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Miaka imepita, wifi yangu. Umesahau tu."

Neno lile lilimchoma Mwamini kuliko lilivyokusudiwa. Kwa muda aliamini kwamba ndivyo, kwamba sauti aliyolala nayo kichwani miaka yote ile alikuwa ameitengeneza mwenyewe. Lakini Abdulatifu alikuwa ameinama, anakuna kidevu.

"Mama Kudra hajasahau," akasema. "Hiyo sauti kweli imepandishwa."

Kabla hajanunua video, Abdulatifu alikuwa mwendesha mashine katika jumba moja la sinema Dar es Salaam. Alifanya kazi ile mpaka watu walipoanza kujikodishia kanda na kutazama majumbani kwao, viti vikabaki na popo. Akakaa karibu na wale wanawake, akawaeleza polepole, kwa mikono, kana kwamba anakunjua utepe wenyewe.

"Sinema ni utepe wa picha. Picha ishirini na nne zinapita kila sekunde moja, na sauti imechapwa pembeni mwa utepe ule ule. Sasa runinga zetu hizi zina mwendo wao, unaokwenda na umeme wa kwetu. Zenyewe zinataka picha ishirini na tano. Ile moja inayopungua wataitoa wapi? Hawaitoi popote. Wanaukimbiza utepe kidogo. Picha zikikimbia, sauti nayo inakimbia, na sauti ikikimbia inapanda. Wengi hawaoni tofauti. Mimi niliyesikiliza mashine usiku na mchana naiona."

"Dunia nzima ndivyo wanavyofanya?" Mwamini akauliza.

"Hapana. Amerika na Japani runinga zao zina mwendo mwingine, wa kasi zaidi. Wao hawaukimbizi utepe, wanazirudia baadhi ya picha ili hesabu itimie. Picha inakwenda kama inachechemea kidogo, lakini sauti inabaki ilivyo."

Mwamini akasema, "Kwa hiyo Iddy angeonyeshwa Japani wangemsikia kama alivyo. Kwetu hapa, aliposemea, ndipo anapoharakishwa."

Abdulatifu akapeleka kidole kwenye kitufe cha video. Akauliza kama angependa amsimamishe, amtazame vizuri.

Akabonyeza, Iddy akasimama. Picha ilitetemeka kidogo, na mstari wa chenga ukakata chini kwenye magoti yake. Mwamini akainuka, akasogea. Kutoka kwenye benchi aliona uso, kivuli cha kofia, meno. Alipofika hatua chache kutoka kwenye kioo aliona mistari. Alipopeleka uso karibu kabisa hapakuwa na mtu tena. Palikuwa na mistari tu, myembamba, imelala mmoja juu ya mwingine, inametameta. Akarudi nyuma, Iddy akarudi. Akasogea, Iddy akapotea.

"Mbona hakubali kukaribiwa?" akauliza.

"Ndivyo runinga inavyochora," Abdulatifu akasema. "Haichori picha nzima kwa mkupuo. Inachora mstari mmoja, inaruka mmoja, inachora, inaruka, mpaka chini. Halafu inarudi juu kujaza ile iliyoiruka. Inapojaza nusu ya pili, nusu ya kwanza imeshaanza kufifia. Jicho lako ndilo linaloziunga. Sinema haikuwa hivyo. Picha nzima ilitua kwenye kitambaa, ikakaa, ikaondoka, ikatua nyingine. Hata hivi vioo vya kompyuta nilivyoviona Dar vinachora mstari baada ya mstari bila kuruka. Runinga ndiyo inayoruka."

"Kwa hiyo hapo kwenye kioo hajawahi kuwapo mzima?"

"Hata mara moja, mama Kudra."

Biasha akamwambia fundi aache kumtia mwenzake uchungu. Abdulatifu akaona haya, akatafuta la kumtuliza. "Lakini tazama mkono wake," akasema. "Ile harusi niliyoipiga juzi kwa kamera ya video, ukiisimamisha, mkono unaopunga unatokea mahali pawili, maana kila nusu imenaswa kwa wakati wake. Huyu amepigwa kwa sinema. Nusu zote mbili zimetoka kwenye picha moja. Mkono wake ni mmoja, umetulia."

Mwamini akautazama ule mkono. Ulikuwa mkono wa kulia, kidole cha shahada kimepinda kwa kamba za miaka. Alikuwa amekisahau kile kidole. Hapo ndipo alipolia.

Kwa siku nyingi baada ya hapo chakula chake kilikosa chumvi, na wateja walimsema. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kimoja. Iddy alikuwa mle ndani, sauti yake halisi, imebanwa kidogo tu, na hakuna aliyeweza kuilegeza. Akarudi kwa Abdulatifu.

"Kama wameikimbiza, si unaweza kuirudisha kwenye mwendo wake?"

"Video yangu haina mwendo wa namna hiyo. Ama inakwenda, ama inasimama." Fundi akafikiri. "Redio yako ya kaseti ungali nayo?"

Aliileta kesho yake, ile redio aliyoachiwa na Iddy. Abdulatifu akaitoa sauti kwenye video akairekodi kwenye kaseti, wito ule ule mara nyingi mfululizo, mpaka upande ukajaa. Kisha akafungua mgongo wa redio. Akamwonyesha mota ndogo, duara kama kopo la dawa ya viatu, na mgongoni mwa mota tundu, na ndani ya tundu skrubu ndogo. Skrubu ile ndiyo inayopanga mwendo wa kaseti.

"Shika wewe," akasema, akampa bisibisi nyembamba. "Mimi sikumjua."

Mwamini akapiga magoti kwenye vumbi la banda, kaseti inaita. Akageuza bisibisi upande mmoja, sauti ikaruka juu, Iddy akawa ndege. Biasha akacheka bila kutaka. Mwamini akageuza upande wa pili, polepole, na sauti ikaanza kushuka. Wito ukarefuka. Koo likafunguka. Mahali fulani kati ya wito mmoja na mwingine, mwili wake ulijua kabla yeye hajajua: mabega yalishuka. Ndiye. Alikuwa Iddy wa mlangoni mwa pantoni, Iddy wa kuomba chumvi.

Lakini mkono wake haukusimama pale. Akaendelea kugeuza, kidogo tu. Sauti ikazidi kushuka, ikawa nzito na chovu, na maneno yakawa yanatembea kwa fimbo. Alikuwa mtu mzima sasa, mtu aliyekula vumbi miaka mingi. Mwamini akamsikiliza huyo naye. Hivi ndivyo angekuwa leo, akawaza. Hivi ndivyo angeniita kutoka chumbani. Akamwacha aite, aite tena.

Mwishoni akairudisha skrubu pale mwili wake ulipojua. "Funga," akasema.

Tangu siku ile kaswida zote zilizopigwa kwenye redio ile zilivuta miguu, na wateja wakauliza kama betri zimekwisha. Mwamini hakujali. Alimsikiliza Iddy asubuhi akiwasha moto, akamsikiliza mchana akiosha vyombo. Kudra, aliyekuwa ameanza shule ya chekechea, aliushika ule wito akauimba na wenzake barabarani. Biasha alivumilia mwezi, kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Wifi, mimi ni dada yake, nina haki ya kukwambia. Nenda kwa sheikh, ufunguliwe ndoa. Mwanamke hafungwi na kaseti."

"Nitakwenda," Mwamini akajibu. "Ila kwanza nikaulize."

"Ukaulize wapi?"

"Tunduru. Sina picha ya kuwaonyesha watu, lakini sauti sasa ninayo."

Biasha alimwona amerukwa na akili, na pengine stendi nzima ilimwona hivyo, lakini kiangazi kilipoingia Mwamini alimwachia wifi yake genge na mtoto, akafunga redio ndani ya kanga, akapanda lori la kusini. Walivuka Ndundu kwa pantoni. Makandarasi walikuwa wameshaanza kazi ya daraja, matingatinga yamejipanga ukingoni, na mlangoni mwa pantoni alisimama kijana asiyemjua, akiwapanga abiria kwa filimbi. Mwamini alikaa juu ya magunia akitazama maji.

Njia ya kwenda huko wakati ule haikuwa njia. Lori lilizama kwenye mchanga, lilivunjika chuma, lililala porini. Alipofika Tunduru alikuwa mwekundu kwa vumbi toka unyweleni hadi unyayoni. Akaanza na hoteli za chai. Aliomba ruhusa, akaweka redio juu ya meza, akabonyeza. "Mnamjua mtu mwenye sauti hii?" Wengine walicheka. Wengine walidhani anauza kaseti. Mnunuzi mmoja wa vito alimwambia amsogezee mbali kelele zake. Wachimbaji walisikiliza kwa adabu, wakatikisa vichwa. Wengi wa zamani walikuwa wameshaondoka, na waliobaki walikuwa wageni kama yeye. Akaambiwa ajaribu makambi ya mtoni.

Ilikuwa kwenye kambi moja huko mtoni ndipo mwanamke mmoja muuza uji, mtu mzima, jina lake Tatu, aliposikia wito akiwa amempa mgongo. Hakugeuka mara moja. Aliweka upawa chini.

"Rudia, dada."

Mwamini akarudia.

"Nahodha," yule mama akasema. "Huyo ni Nahodha. Mmatumbi mmoja, mtaratibu, akisema neno unaweza kwenda kisimani ukarudi. Alikuwa akituchekesha hapa. Watu wakipanda lori, anasimama nyuma anaita hivyo hivyo, pembeni ni kwa mamba, na mamba wenyewe hakuna." Kisha akaitazama kanga ya Mwamini, na mikono yake iliyoikumbatia redio, na akaelewa ni nani aliyesimama mbele yake. Uso wake ukabadilika. "Wewe ni mkewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kaa kwanza."

Mwamini akakaa. Tatu akamshika kiganja, akamwambia. Shimo lilikuwa limebomoka masika ya kwanza ile ile, kabla Iddy hajapata hata jiwe la kuuza. Walimtoa siku ya pili, wakamwosha, wakamsalia, wakamzika kwa heshima. Walitafuta wa kwao wasimpate. Wenzake aliokuja nao walikuwa wameshatawanyika, na yeye hapo alijulikana kwa jina la Nahodha tu. Wakajua ni mtu wa mto mkubwa, lakini mto una vijiji vingi.

"Alisema ana mtoto mchanga," Tatu akasema. "Akisema ana mtoto, ndipo sentensi zake zilipokuwa ndefu kupita zote."

Akampeleka kaburini. Palikuwa na mti mdogo na kifusi kilichokwisha kulala sawa na ardhi. Asingeonyeshwa angepita juu yake. Mwamini alisimama pale na redio kifuani. Hakuiwasha. Alisoma alichojaliwa kukumbuka, akachota mchanga kidogo akaufunga kwenye pindo la kanga, kisha, kwa kuwa hapakuwa na lingine la kufanya, akarudi na Tatu akamsaidia kuosha mabakuli ya uji.

Aliporudi Kibiti, Biasha aliona kwa namna anavyoshuka kwenye lori, akapiga ukelele kabla hajaambiwa neno. Wakasoma hitima. Mwamini akaenda kwa sheikh kuuliza habari ya eda, aanze lini, akae vipi. Sheikh, mzee mpole, akamuuliza mumewe alikufa lini, akahesabu kimoyomoyo, akainamisha kichwa.

"Eda yako imeshapita, mwanangu. Ilipita zamani bila wewe kujua. Sheria haikudai kitu."

Wengine wangeshukuru. Mwamini alitoka pale akijiona ameporwa. Miaka yote ile alikuwa akitazama milango ya mabasi kama mke, na kumbe alikuwa mjane, amepika, amecheka, amejipaka hina sikukuu, na Iddy yuko chini. Alifunga genge akajifungia chumbani kwa Biasha kwa muda aliouona yeye unamtosha, katika nguo nyeupe, ingawa hakuna aliyemwamuru. Biasha alimletea uji.

Alipotoka alirudi kupika. Mabasi ya kusini yalisimama, naye alihudumia abiria bila kuchungulia madirishani, na hilo lilimchukua muda kulizoea kuliko alivyodhani. Shingo ilikuwa inageuka yenyewe.

Kiangazi kilichofuata walikwenda watatu, yeye na Biasha na Kudra, na mfuko wa chokaa. Tatu aliwapokea kambini, ambayo sasa ilikuwa na watu wachache zaidi. Walizungushia kaburi mawe, wakayapaka chokaa wakipokezana brashi. Kudra alimaliza mawe ya upande wake, kisha akamuuliza mama yake kama baba alikuwa mrefu. Kwenye runinga, alisema, hakuweza kujua, kwa sababu kila mtu mle ni mdogo.

Mwamini akainuka, akafuta mikono, akapima kwa kiganja hewani juu ya kichwa chake mwenyewe. Akasita, akakishusha kidogo.

"Hapa," akamwambia. "Alikuwa anafika hapa."

Kudra akasogea, akasimama chini ya kile kiganja, akatazama juu.